Binamu, Marekani hakuna matibabu ya bure, wanachogombania ni nani alipe

Binamu, salamu kwa shangazi na wote hapo nyumbani. Umeniuliza mambo matatu kwa mpigo: iweje nchi tajiri namna hii serikali isimame zaidi ya mwezi kisa bima ya afya, nani mkweli kati ya Trump na hao wa chama pinzani cha Democrat, na kama shangazi anaweza kuja kutibiwa moyo huku kwangu maana "nyie wenzetu mnatibiwa". Nakujibu bila kupamba, kwa sababu naona huko mnaletewa picha za hospitali zinazong'aa tu, bei hamuonyeshwi.

Madaktari wapo, mashine zipo, dawa zipo, hilo hakuna anayebisha. Ugomvi ni nani alipe. Mwaka 2023 nchi hii ilitumia dola trilioni 4.9 kwenye afya, ukigawa kwa vichwa ni kama dola 14,570 kwa mtu, ukihesabu mpaka kichanga cha jana, na bado watu kama milioni 26 hawakuwa na bima yoyote. Na mimi niko Texas, jimbo linaloongoza kwa kiwango cha watu wasio na bima, kwahiyo haya sisimuliwi.

Ngoja nikupe yangu kwanza ndo utaelewa kwa nini watu huku hawaamini mtu akiongelea gharama za afya. Mimi naendesha abiria wa app, sina mwajiri, kwahiyo bima nanunua mwenyewe kwenye soko la bima la serikali, lililoletwa na sheria ya afya ya Obama, ndo hiyo wanaiita Obamacare. Mwaka juzi usiku tumbo likanikamata upande wa kulia, maumivu ya kukunja mtu, mke wangu akanipeleka imejensi na gari letu (ambulansi hapa usiite kama bado unaweza kutembea, ipo sheria iliyoanza 2022 ya kuzuia bili za kushtukiza lakini ambulansi za barabarani waliziacha nje). Wakanipiga CT scan, wakatoa damu, wakaniambia sio kidole tumbo ni kijiwe cha figo, wakanipa dawa ya maumivu, asubuhi niko nyumbani.

Baada ya wiki kadhaa ikaja bahasha, juu imeandikwa kwa herufi nzito "hii siyo bili". Unashusha pumzi. Usishushe, hiyo ni barua ya kampuni ya bima inakuonyesha mahesabu, bili zenyewe zinafuata nyuma, moja ya hospitali, moja ya daktari wa imejensi ambaye kumbe hospitali haijamwajiri ana kampuni yake, nyingine ya mtu aliyesoma picha za CT scan ambaye mpaka leo sijui kama ni mwanaume au mwanamke. Hospitali wameandika dola 11,800. Bima wanasema hapana, bei tuliyopatana nao ni 3,900. Sasa nikajua bima watalipa hiyo 3,900, ndo kazi yao au sio? Wapi. Bima yangu ilikuwa na kiwango cha kujilipia mwenyewe kwanza, dola 6,000 kwa mwaka, mpaka uzimalize hizo ndo na wao waanze kuchangia, kwahiyo 3,900 yote ilikuwa yangu, na mchango wa kila mwezi nao nalipa kama kawaida. Nikapiga simu nikamuuliza yule dada sasa nyie mmelipa nini hapa, akanijibu kwa upole kabisa kwamba wamenisaidia kupata punguzo.

We fikiria. Tumbo moja, usiku mmoja, bei mbili, na jamaa yangu asiye na bima aliwahi kuumwa vile vile akapewa bei ya tatu. Mtu aliyeshika karatasi kama ile, akija mwanasiasa kwenye TV akamwambia mageuzi ya afya yatagharimu bilioni kadhaa kwa miaka kumi, atamwamini vipi wakati tumbo lake tu hajui liligharimu kiasi gani? Kutokuaminiana kwao kunaanzia hapo, kabla hata hujafika kwenye vyama.

Halafu vyama navyo vikaongezea petroli. Obama akigombea 2008 aliahidi familia ya kawaida itapunguziwa gharama za bima mpaka dola 2,500 kwa mwaka. Mwaka ule bima ya familia kupitia mwajiri ilikuwa wastani wa dola 12,680, mwaka 2025 ni 26,993. Republican, chama cha Trump, wanakuonyesha namba hizo wanasema si unaona, katudanganya. Ila hawakwambii kwamba 1999 ilikuwa 5,791, yani ilishazidi mara mbili kabla Obama hajaingia Ikulu. Democrat wakijibu watakwambia bila sheria yetu ingepanda zaidi. Inaweza kuwa kweli, lakini nenda kamwambie hivyo mtu anayelipa, uone atakavyokutazama.

Sheria yenyewe ya Obamacare ilisainiwa Machi 2010, hakuna Republican hata mmoja aliyeipigia kura ya mwisho, kwahiyo tangu siku ya kwanza ni sheria ya upande mmoja. Ile kauli ya Obama kwamba kama unaipenda bima yako utabaki nayo, 2013 watu kwa mamilioni wakapata barua kwamba bima zao zinafutwa, na wale wakaguzi wa kauli za wanasiasa wa PolitiFact wakaipa cheo cha uongo wa mwaka. Cheo hicho hicho 2009 alikichukua Sarah Palin wa Republican kwa kusema kutakuwa na mabaraza ya kuamua mzee gani afe, wakati kilichokuwa kwenye muswada ni daktari kulipwa kwa muda anaokaa na mgonjwa kuongea kuhusu matibabu ya mwisho wa maisha. Na siku soko la bima linafunguliwa mtandaoni, tarehe 1 Oktoba 2013, tovuti ikagoma, watu wanakodolea macho kioo tu.

Kwenye gharama ndo kuna vituko zaidi. Bunge lao lina ofisi yake ya mahesabu, CBO, kazi yake kupiga hesabu ya kila muswada bila kuegemea chama. 2010 walisema kuwapa watu bima kutagharimu kama dola bilioni 940 kwa miaka kumi. 2012 wakatoa hesabu mpya, trilioni 1.76. Republican wakapiga kelele kwamba gharama imedabo! Ukiangalia vizuri ile miaka kumi ya kwanza ilianzia 2010 wakati mambo makubwa ya sheria yalikuwa yaanze 2014, kwahiyo miaka kadhaa mwanzoni ilikuwa karibu mitupu, hesabu ya pili ikasogea mbele ikaiacha mitupu ikachukua iliyojaa. Haikudabo. Ila na mimi nakuuliza, nani alipanga miaka mitupu iingie kwenye hesabu ya kwanza ili trilioni isionekane? Hapo Republican walikuwa na hoja. Na 2014 ikatoka video ya Jonathan Gruber, profesa wa uchumi wa MIT aliyesaidia kuipiga hesabu sheria ile, anasema kutokuweka mambo wazi kuliwasaidia sana kisiasa, akaongelea na ujinga wa mpiga kura wa Marekani. Aliomba radhi baadaye lakini ndo hivyo, maji yameshamwagika.

Usidhani upande wa pili wana dawa. Trump Januari 2017 alisema analeta bima kwa kila mtu, bora zaidi na ya bei ndogo. Muswada wa kuiondoa Obamacare ulioletwa Bungeni, CBO wakasema utaongeza watu zaidi ya milioni 20 wasio na bima. Toleo lake la mwisho, lililopunguzwa, likafia Seneti usiku mmoja wa Julai, seneta John McCain, wa chama chao wenyewe, akanyoosha mkono akageuza dole gumba chini. Miaka saba baadaye kwenye mdahalo na Kamala Harris wa Democrat, Trump anaulizwa mpango wako ni upi, anasema ana mawazo ya mpango. Yani mawazo!

Sasa hili la serikali kusimama. Wakati wa korona, 2021, Democrat waliongeza ruzuku kwa watu tunaojinunulia bima, wakaisogeza mpaka mwisho wa 2025. Muda ukawa unakaribia kuisha, Democrat wakakataa kupitisha bajeti mpaka ruzuku iendelee, Republican wakagoma, serikali ikasimama tangu tarehe 1 Oktoba mpaka 12 Novemba 2025, siku 43, mpaka hapo ilikuwa haijawahi kusimama muda mrefu hivyo. Ikafunguliwa, ile nyongeza ya ruzuku haikupatikana, mwaka ukaisha nayo ikaisha, ikabaki ruzuku ya kawaida ya Obamacare. Watafiti wa sera za afya wa KFF walikuwa wameshapiga hesabu kwamba wenye ruzuku watalipa wastani wa dola 1,904 kwa mwaka kutoka 888. Ya kwangu ilipanda kupita hapo, nikashuka kwenye bima ya chini yenye kiwango kikubwa zaidi cha kujilipia, yani sasa hivi nina kadi ya kuonyesha tu, niombee nisiugue.

Kilichoniudhi ni kwamba muda wote ule kwenye TV Republican wanasema pesa ni za kuwatibu wahamiaji haramu. Binamu, asiye na makaratasi haruhusiwi kununua bima kwenye soko lile hata kwa pesa yake mfukoni, achilia mbali ruzuku. Hata wenye makaratasi wanabanwa, mtu wa grinkadi, yani kibali cha kuishi huku moja kwa moja, kwa kawaida anasubiri miaka mitano ndo aguse Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini. Na hapa Texas hiyo Medicaid ukiwa mtu mzima, mzima wa afya, huna mtoto, huipati hata uwe fukara wa kutupwa, maana 2012 Mahakama ya Juu ilisema jimbo lisilotaka kuipanua kama Obamacare ilivyotaka lisilazimishwe, na Texas ni kati ya majimbo 10 ambayo mpaka leo hayajataka. Ruzuku nayo kwa mwaka 2026 inaanzia kipato cha dola 15,650 kwa mtu mmoja, kwa sababu walioandika sheria walijua wa chini ya hapo watakuwa Medicaid. Kwahiyo ukiwa chini ya hapo hupati hiki wala kile. Umekosa ruzuku kwa kuwa maskini mno! Sijawahi kuona kitu kama hicho, na jamaa anayesafisha maofisi usiku hapa mtaani kwetu ndo yuko humo.

Uwanja wa ndege kuna eneo la kuegesha tunaposubiri abiria, pale kuna Muethiopia, Wanaijeria, Wameksiko, na mzee mmoja mzungu wa hapa hapa Texas, Republican wa kufa mtu. Siku za serikali kusimama ilikuwa vita pale. Yule mzee watu wanamuona hana akili ila mimi namsikiliza, anasema yeye hapingi mtu kutibiwa, anachouliza ni kwamba serikali inampa ruzuku kampuni ya bima, kampuni inapandisha bei, serikali inaongeza ruzuku, mwisho wake wapi? Na mawakala wa bima walikuwa wanasajili watu wasiojua hata kama wamesajiliwa ili wale kamisheni, hilo ni kweli, 2024 serikali ya Biden yenyewe ilisimamisha mamia ya mawakala. Muethiopia akamjibu sawa mzee, basi leta mpango wako wa kushusha bei. Mzee akanyamaza, akawasha sigara.

Na mimi ndo msimamo wangu huo, ukinilazimisha kuchagua nitasema ile nyongeza ya ruzuku irudi maana bila hiyo watu wanaumia leo, lakini nikiwasikiliza wote wawili naona wanagombania mfuko gani utoe pesa, bei yenyewe wanaizunguka. Hospitali, kampuni za bima na za dawa zote zina watu wa kushawishi wabunge pale Washington na zinawalipa vizuri. Kitu kilichogusa bei ni sheria ya 2022 iliyoiruhusu Medicare, bima ya wazee, kubagaini na kampuni za dawa, bei za dawa 10 za kwanza zimeanza kutumika Januari 2026. Dawa kumi.

Haya, shangazi. Akija kwa viza ya kutembea hapati Medicaid, hapati ruzuku, Medicare ndo kabisa. Bima za wageni zinauzwa lakini ugonjwa aliokuja nao kwa kawaida hazilipi, na moyo wake ni ugonjwa wa kuja nao. Imejensi watampokea kwa sababu sheria ya 1986 inawakataza kumrudisha mgonjwa wa hali mbaya, ila kupokelewa sio kusamehewa, bili itakuja kwa jina lake. Usimsikilize mtu anayekwambia aje tu akifika tutajua. Njia ya halali ni kuomba viza kwa ajili ya matibabu, na ubalozini wanaweza kutaka barua ya daktari wa huko, barua ya hospitali ya huku iliyokubali kumpokea, na ushahidi wa pesa za kulipia kila kitu.

Nitumie ripoti yake ya moyo, picha zote na majibu, nipige simu hospitali mbili tatu niulize bei ya keshi, maana hospitali zisizo za biashara zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu wa kupunguzia wasio na uwezo, ila nyingi zinaangalia kwanza unaishi wapi. Na wewe wakati huo huo ulizia bei ya India, nina uhakika itakuwa chini kwa mbali. Tiketi usikate bado.