Mji wa mwisho wa safari ndefu: kwa nini nakushauri Lisbon

Ukikaa njiani wiki baada ya wiki na shanta mgongoni, kuna wakati macho huchoka kabla ya miguu. Makanisa yote yanaanza kufanana, na moyo umeshatangulia nyumbani. Wengi wetu tunaotoka Uganda hali hiyo ikitupata tunakaza mwendo: viza ilikuwa ghali, nauli ilikuwa ghali, basi tuone miji mitatu zaidi kabla ya kurudi. Mimi nakushauri kinyume. Mji wa mwisho uwe mmoja, umalizie humo siku zote zilizobaki, tena uwe mji wenye jambo linalokuhusu. Nilichagua Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na ningeambiwa nirudie ningeichagua tena.

Kwanza hesabu siku zako. Kikomo cha Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni siku 90 katika kila siku 180, na hizo ni za nchi zote za Schengen kwa jumla. Huanzi upya kwa kuwa umevuka kutoka Hispania kuingia Ureno. Siku ya kuingia inahesabiwa, na ya kutoka pia. Halafu wengi wetu hupewa pungufu ya 90, kwa hiyo soma idadi ya siku iliyoandikwa kwenye stika ya viza, si tarehe ya mwisho peke yake. Bakiza siku chache za akiba. Ukizidisha muda, maombi yako yajayo yatakuwa na kazi kubwa.

Siku ya kwanza fua nguo, kula, lala. Sisi wa Kampala tumezoea vilima, na Lisbon nayo husifiwa kwa vilima saba, ila huko hakuna boda wa kukupandisha. Njia za miguu zimetandazwa vijiwe vya chokaa ambavyo nyayo zimevisugua hadi vinang'aa, na mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Niliona kijana mwenye shanta kubwa akiteremka Alfama, mtaa wa kale wa mlimani, huku ameshika ukuta kwa mikono miwili, hatua kwa hatua. Kama soli za viatu vyako zimeliwa na safari, nunua vingine kabla ya kununua tiketi yoyote.

Alfama itembee kwa miguu, asubuhi. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliangusha sehemu kubwa ya mji. Baixa, kule bondeni, ikajengwa upya kwa barabara zilizonyooka, lakini Alfama ilibaki na vichochoro vyake. Tramu namba 28 inapita humo, ila hujaa sana na wezi wa mifukoni wanaijua vizuri.

Mgahawani, mhudumu ataweka mkate na zeituni mezani kabla hujaagiza chochote. Kwetu hiyo ni heshima ya mgeni. Kule ukila unalipa, kwa hiyo kama huvitaki mwombe kwa upole avirudishe. Anayetafuta chakula cha halali aende mtaa wa Mouraria, karibu na Martim Moniz. Kisha pita uwanja wa São Domingos, ambako Waafrika hukutana, wengi wao watu wa Guinea-Bissau. Baada ya kuwa mweusi peke yangu kwenye mabehewa mengi ya treni, nilikaa pale alasiri nzima bila kufanya lolote, nikasikia mwili unapumua. Usiikose alasiri ya namna hiyo.

Lakini sababu hasa ya kwenda Lisbon iko Belém, mtaa ulio kando ya mto. Panda treni kutoka Cais do Sodré, au tramu namba 15. Ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa 1501, liko kaburi la Vasco da Gama, yule baharia Mreno. Sanamu yake imelazwa chali juu ya jiwe, viganja vimekutanishwa kifuani kama mtu anayesali. Mwalimu wangu wa historia kule Bombo alitusimulia 1498 mara nyingi: Da Gama alivyofika Mombasa wasielewane, akasogea Malindi, akapewa rubani wa kumvusha hadi India. Na alitusimulia 1505, meli za Ureno zilipoivamia Kilwa na kuichoma Mombasa. Nilisimama pale muda mrefu, na wala sikutaka picha. Habari hiyo ni yetu, na kuisoma kabla hujaenda ndiko kutakakokufanya uone kitu ambacho wengi wanaokipita hawakioni. Ukitoka, nenda ukingoni mwa mto kwenye mnara wa Padrão dos Descobrimentos. Chini mbele yake kuna ramani ya dunia iliyotengenezwa kwa mawe, yenye meli na miaka. Itafute pwani yetu, usimame juu yake.

Zawadi nunua hapa, usibebe tangu mji wa kwanza. Samaki wa kopo wanafaa sana, hawaharibiki na hawavunjiki. Uwanja wa ndege unafikika kwa metro, hivyo huhitaji kuweka pesa nyingi ya teksi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iweke kwenye mkoba wa mkononi, maana Entebbe wataiomba na shanta bado itakuwa tumboni mwa ndege.