Hamburg na mama: tukae mtaa gani?

Swali: Shikamoo shangazi. Mwezi wa Juni nitakuwa Hamburg, Ujerumani, siku nne na mama yangu. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Nimepata chumba St. Pauli, karibu na bandari, na kingine Altona. Cha St. Pauli ni nafuu. Nichukue kipi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Chukua cha Altona, hata kama utaongeza pesa kidogo.

St. Pauli nimelala, naijua. Nilifikia nyumba ya wageni nyuma ya Reeperbahn, siku ya Ijumaa. Ile ni barabara ya vilabu na madanguro, na mwisho wa wiki hailali. Saa kumi alfajiri watu walikuwa bado wanaimba chini ya dirisha langu. Kulipokucha nikatembea nikikwepa vipande vya chupa. Kijana atapafurahia. Mama yako, hapana.

Altona, hasa upande wa Ottensen, ni mahali watu wanapoishi na kulea watoto. Ukitoka stesheni, nenda kusini taratibu, pita jengo jeupe la halmashauri, utafika Altonaer Balkon. Ni bustani iliyo juu ya mto Elbe, ina mabenchi, na chini yake unaiona bandari yote. Mketishe mama hapo jioni. Juni jua huzama karibu saa nne usiku, hamna haja ya haraka.

Wala hamtakuwa mbali. Treni ya S1 inapita Altona, Landungsbrücken (penye gati la vivuko) na stesheni kuu, mpaka uwanja wa ndege. Siku ya kuondoka pandeni mabehewa ya mbele, maana kwenye stesheni ya Ohlsdorf treni hukatwa mara mbili: ya mbele huenda uwanjani, ya nyuma huelekea Poppenbüttel.

Pale Landungsbrücken pandeni kivuko namba 62 hadi Finkenwerder. Tiketi ileile ya treni inatosha, na mama ataiona bandari akiwa amekaa. Ila gati lile linaelea. Maji yakiwa yamekupwa, njia ya kushukia inainama sana. Mshike mkono.

Kabla hujalipa, waulize wenye chumba kwa maandishi: kiko ghorofa ya ngapi, na lifti ipo? Nyumba nyingi za zamani za Ottensen zina ngazi tu, na ghorofa ya nne itamfungia mama ndani siku zote nne. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, tafuta kingine hukohuko Altona.