Kinanda cha kukanyaga kinahema bila kuimba: anza na mvukuto

Mkuu, umesema kinanda cha kukanyaga cha marehemu babu yako kimekaa stoo Tukuyu zaidi ya miaka 20, ukikanyaga kinahema tu, na fundi anakushauri utoe vya ndani uweke spika. Nakusihi usikubali. Changu kilikuwa hivyohivyo.

Sauti yake hutoka kwenye ndimi za shaba zinazotikisika hewa ikipita, na shaba haiozi. Kinachooza ni mvukuto, ule mfuko wa hewa wenye mikunjo, hasa kwa mvua zetu hizi za Rungwe. Kisha panya wanamalizia. Vinanda vya Kimarekani, kama Estey vya Brattleboro, hunyonya hewa badala ya kuisukuma, kwa hiyo penye tundu nguvu yote inapotelea hapo. Toa mvukuto, usiku uingize tochi ndani, uzime taa za chumba. Wangu ulionekana kama anga la Juni, nyota kila mkunjo.

Aliyenitangulia kuutengeneza alipaka silikoni. Nilikwangua siku tatu, na nyuzi za mbao zikabanduka nayo. Tumia gundi ya ngozi, uipashe ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, isichemke. Atakayekuja baada yako ataibandua kwa maji ya moto bila kuumiza mbao. Kitambaa kiwe chepesi, cha pamba chenye mpira upande mmoja. Upande wa pamba ndio unaoshika gundi. Turubai usiguse kabisa, ni gumu mno kwenye mikunjo.

Ndimi chomoa mojamoja kwa ndoano, na kila moja ijulikane ilipotoka. Kinanda changu kina funguo 61 na safu mbili, yaani ndimi 122: zilijaza trei nne za mayai, mbili zikabaki mkononi. Safisha kwa brashi laini, kavu, kutoka shinani kwenda nchani. Msasa hapana! Ukikwangua nchani sauti inapanda, shinani inashuka, na shaba iliyotoka hairudi.

Ulimi mmoja wa chini ulikuwa bubu tangu nikiwa mtoto. Nilikuta umebanwa na chembe ya udongo wa nyigu, ndogo kuliko punje ya mchele. Nikaitoa kwa unyoya wa kuku, nikarudisha ulimi, nikakanyaga. Mama alikuwa anasonga ugali. Alikuja mlangoni na mwiko mkononi.

Ukishafungua, weka picha ya mvukuto hapa kabla hujapaka chochote.