Barua kwa mwanangu: ghorofa ya 9 au nyumba ya mbao

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na picha za zile nyumba mbili dada yako amenionyesha kwenye simu yake. Unataka nikushauri upange ipi hapo Tokyo: ghorofa ya 9 karibu na kazini, au ile ya mbao yenye ua wa watoto kuchezea. Hilo lilikuwa swali la baba yako, Mungu amrehemu. Yeye angekuuliza mwaka tu: imejengwa kabla ya 1981 au baada? Mwaka huo ndipo Wajapani walipokaza sheria zao za ujenzi, na tetemeko lilipoikumba Kobe, mji tuliokuwa tukiishi, nyumba zilizolala chini kwa wingi zilikuwa za zamani. Mimi si mhandisi. Mimi nakumbuka takataka.

Ulikuwa na miaka miwili. Yule bibi wa sahani ya samawati alikaa peke yake ubavuni mwetu, nyumba ya mbao, paa la vigae vizito. Siku moja nikatoa mfuko wa takataka siku isiyo yake, chupa zimo, maganda ya ndizi yamo, na huko kila takataka ina mfuko wake na siku yake. Jioni nikaukuta mlangoni kwangu, umefungwa vizuri, na karatasi juu yake. Nilivyohamaki! Nikaona nimedharauliwa, mgeni mimi, mweusi mimi. Tangu hapo nikawa nampita kama mti. Yeye aliinama kila asubuhi kunisalimu, na wewe akikuita jina lako na "chan" mwishoni, kama Wajapani wanavyowadekeza watoto. Sahani aliyotuletea tikiti maji sikuirudisha, kwa kiburi tu. Miezi mitano, mwanangu, kwa mfuko wa takataka.

Kisha ikaja tarehe 17 Januari 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri. Sekunde kama 20. Kabati la nguo liliangukia godoro lako. Ulipona kwa kuwa ulikuwa umejipenyeza kati yetu usiku, ile tabia yako. Jengo letu likapasuka plasta, likabaki limesimama. Tulipotoka gizani, paa la bibi lilikuwa limekaa ardhini.

Vijana wa mtaa wakaja na misumeno na majeki ya gari. Zimamoto hatukuwaona, mtaa wa Nagata humo mjini ulikuwa unaungua. Kijana mmoja akanigeukia, maana mlango wangu ndio uliokuwa karibu: analala chumba kipi? Sikujua. Wakaanza kufukua mbele. Alikuwa nyuma, karibu na jiko. Walimtoa adhuhuri, hai, mguu umepondeka. Ng'ambo ya maji, kisiwani Awaji, kuna mji ambao majirani walikwenda moja kwa moja chumbani, kwa sababu kila mtu alijua mwenzake hulala wapi. Hilo nililisoma baadaye, nikatamani nisingelisoma.

Nyumba haimwokoi mtu, humwokoa anayejua alipolala. Nimewaimbia hilo tangu mko shule, na baba yenu kila mara alinijibu: "Na jengo letu lingeanguka, huyo jirani angekuta nini?" Kweli, jengo lilitusitiri. Siku ile sisi hatukumhitaji jirani hata mmoja, yeye ndiye aliyenihitaji mimi. Basi pengine mwaka wa ujenzi ndio wa kwanza, na haya yangu ni majuto tu ya mtu mzima. Lakini mbona kila nikiyapima narudi palepale?

Yule bibi, mwanawe alimchukua wakaenda Osaka, sikumwona tena. Ramadhani iliingia wiki mbili baadaye, gesi hakuna, maji tunayapanga foleni kwenye lori. Vyombo vyangu vyote vilikuwa vimevunjika isipokuwa sahani yake. Nikafuturu nayo mwezi mzima.

Kabati likaze ukutani kwa vyuma, usilale chini yake. Viatu weka kando ya kitanda, vioo huwa vimetapakaa. Maji ya beseni la kuogea usiyamwage usiku, mabomba yakikauka yatakufaa.

Nyumba sikuchagulii. Mkeo ndiye atakayeshinda humo na watoto. Ingawa hiyo ya mbao... hapana, nimesema sikuchagulii. Ulizia mwaka wake.

Ila katika barua yako umemtaja mara mbili mzee anayefagia njia kila alfajiri mbele ya nyumba ile. Anaitwa nani?

Mama yako