Barua kwa mwanangu: yayin, na siku ile ya posa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama yayin, divai ya Waebrania, ilikuwa na kileo au ni maji ya zabibu tu, maana kikundi chenu cha maombi kimegawanyika. Kileo kilikuwemo. Nuhu aliinywa akalewa. Maji ya zabibu hayamvui mzee nguo. Ile mpya ya kukamuliwa wana jina lake, tirosh.

Lililonishika mimi ni jingine. Kwa Kiebrania kila herufi ni namba. Yod 10, yod tena 10, nun 50: yayin ni 70. Na neno lao la siri, sod, nalo hutimia 70. Ndiyo maana Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasema, ikiingia divai, inatoka siri. Niliposoma hapo nikavua miwani.

Siku ya posa ya dada yako wewe ulikuwa bweni, ukasimuliwa nusu. Divai niliitengeneza mwenyewe, dumu la lita tano, ikachachia chini ya kitanda chetu mama yako akinuna kwa harufu. Washenga wakaisifu. Bilauri ya tatu nikasimama, nikatangaza kwamba shamba la mizabibu nilishaliuza, ada za dada yako zimelimeza, na hata zabibu za divai ile nimezinunua kwa huyo huyo aliyelinunua. Babu yako alikuwa amekaa pale, fimbo katikati ya magoti. Mizabibu ile aliipanda yeye. Hakusema kitu. Bilauri yake ilikuwa bado imejaa. Akaifunika kwa kisosi nzi wasiingie, akaomba apelekwe nyumbani.

Mama yako anasema divai ndiyo iliyoniponza. Mimi nasema kama siku zote: zabibu haina kosa. Siri niliifuga miaka miwili nikiwa mkavu kabisa, nikimwamkia mzee kila asubuhi. Bila dumu lile angekufa hajui. Ingekuwa nafuu kwake? Siku nyingine naona ndiyo. Halafu nakumbuka kile kisosi, naona hapana, alistahili kuambiwa, ila si mbele ya washenga.

Hata wafasiri wetu wa Biblia ya Muungano walisita. Yayin ile ile, ikimfurahisha mtu moyo katika Zaburi ya 104, wameiita divai. Ikidhihaki katika Mithali 20, wameiita mvinyo. Zabibu haina kosa, lakini jina hubadilishiwa.

Kiambie kikundi chako hili: Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, Myahudi hushika kikombe akamshukuru Mungu, Muumba wa tunda la mzabibu. Tunda ndilo linalotajwa, na juisi ya zabibu nayo inakubalika.

Kama unywe kwa wakwe zako, hukuuliza, nami sisemi. Ingawa bilauri ya tatu... basi, sisemi.

Mama anakusalimu. Lile dumu bado analo, anatilia mafuta ya taa.

Baba yako