Kazi ya kuchuma karafuu Pemba kwa asiyewahi

Mdogo wangu, umeuliza kama kijana wa Unguja asiyewahi kuchuma karafuu atapata kazi ya msimu Pemba. Atapata, maana karafuu haingoji: kitumba, yaani ua changa lililofumba, kikishafunguka, thamani imekwenda. Malipo mara nyingi ni kwa pishi, kile kipimo cha ujazo, basi patana bei kabla hujapanda mti. Chuma shada zima vitumba vikianza kupata wekundu, na tafadhali usivunje matawi, utamtia hasara mwenye shamba misimu ijayo. Tawi la mkarafuu hukatika ghafla. Likiwa bado na umande, subiri likauke, roho yako ni muhimu kuliko pishi. Jioni mnachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vya shada, kule. Makonyo msiyatupe, kiwandani Wawi, huko huko Pemba, yanatolewa mafuta.