V8 kwa familia ya watu wanane: yaliyonikuta tangu 2019

Mkuu mleta mada, nimekusoma. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa ana mke, watoto wanne na mama mkwe anayekaa naye, anaendesha Noah, anataka kuiuza aongezee hela aagize V8, yaani Land Cruiser 200, ya petroli kutoka Japani, toleo la 2009. Nusu ya waliojibu wamemtisha kwamba mafuta yatamfilisi. Nusu nyingine wamemwambia mwanaume ni gari. Mimi ninayo, na kabla yake nilikuwa na Noah kama yeye, kwa hiyo nitaandika kirefu. Mvivu wa kusoma apite.

Yangu ni 200 ya 2008, dizeli cc 4,500, gia ya mkono. Ilikuwa gari la mradi, na nilipoikuta mnadani bado ilikuwa na namba za DFP, zile za miradi ya wafadhili. Wanaopenda magari ya minada wajue jambo moja: gari la mradi huingia nchini kwa msamaha wa ushuru, na likihamia kwa mtu asiye na msamaha kama mimi na wewe, ushuru huo unadaiwa. Nilimwona mzee mmoja akishangilia bei aliyopigia nyundo, wiki mbili baadaye akawa anatafuta mtu wa kumwachia.

Na wewe unayeagiza Japani, usiangalie bei ya mtandaoni ukadhani ndiyo bei. Gari lenye zaidi ya miaka kumi na injini ya zaidi ya cc 2,000 linakula ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, uchakavu asilimia 30, halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo. Chukua gari la shilingi 100 ulipigie hesabu kwa mpangilio huo, utakuta kodi peke yake imepita 100. Yaani unanunua magari mawili, moja unaendesha wewe. Isitoshe TRA hawatumii risiti yako, wana thamani yao. Ingia kwenye kikokotoo chao kabla hujatuma hata senti.

Sasa mafuta, maana ndiyo yaliyowatoa watu mapovu. Petroli ya mwaka huo itakuwa cc 4,700 au 4,600, kwa sababu 2009 ndipo Toyota walipobadilisha injini kwa soko la Japani. Tafuta 4,600, ina gia sita na kidogo ina huruma. Kwenye foleni ya Ubungo asubuhi jiandae kwa kilomita 4 mpaka 5 kwa lita. Barabara kuu ukiendesha kistaarabu inafika 7 na kitu. Dizeli yangu mjini inanipa 6, safarini 9 kama hakuna keria juu. Mtu akikwambia petroli yake inakwenda 11, mwombe risiti za kituo.

Tuseme kwa mwezi unatembea kilomita 1,000 za mjini. Noah itakula lita kama 100, V8 lita 220. Tofauti ni lita 120, na kwa shilingi 3,000 kwa lita ni laki tatu na sitini. Inauma, sikatai, lakini inakuja kidogo kidogo na unaiona. Halafu kumbuka rodi laisensi ya mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita. Kwa hiyo sisi wenye midomo mikubwa tunailipa kila tunaposimama sheli, wenye IST wanacheka.

Kinachomtoa jasho mwenye V8 ni vile vinavyokuja kwa mkupuo. Oili ya injini yangu ni lita 9 na ushee. Tairi moja la maana la saizi yake sijalipata chini ya laki tano, na yanahitajika manne, la tano la spea chini ya tumbo. Turbo ziko mbili. Injekta, zile za kupuliza mafuta ndani ya injini, ziko nane, na bei ya moja ya OG ukiisikia Kariakoo unaomba maji ya kunywa. Petroli haina balaa la injekta za namna hiyo, hapo umechagua vizuri. Ila zile za Japani za daraja la juu zina sasipensheni ya mafuta, ile ya kupandisha na kushusha gari kwa swichi. Ikiwa nzima unajiona unaelea. Ikichoka, fundi wengi watakushauri uing'oe uweke springi na shoku za kawaida, na gharama ya kuing'oa ndiyo utakayoikumbuka.

Mjini nimeponea mengi, kisa changu kikubwa kilikuwa safarini. Sisi ni watu wa Marangu, na Desemba kama kawaida lazima twende kijijini kuhesabiwa na ukoo. Mwaka huo nilijaza dizeli kwenye kituo kimoja kidogo njiani, sikitaji, kwa sababu foleni ilikuwa fupi. Hiyo foleni fupi ilitakiwa iniambie kitu. Tumeipita Mombo, milima ya Usambara iko kulia, taa ya filta ya dizeli ikawaka kwenye dashibodi. Dakika chache baadaye gari likaanza kukohoa kila nikikanyaga. Nikalitoa pembeni, jua la saa nane, watu wanane ndani.

Tukapata fundi wa pikipiki, kijana hata ishirini hajafika. Nikataka kumkatalia, nikakosa mbadala. Akaomba chupa tupu ya maji, akalegeza koki ya chini ya filta, akakinga. Chupa ilipojaa akaiweka juu ya boneti akaniambia, "Subiri kidogo, baba." Baada ya dakika mbili ikajigawa yenyewe: juu dizeli ya rangi ya chai ya rangi, chini maji, vidole vitatu kabisa. Akamwaga, akakinga tena, mara nne, mpaka ikatoka dizeli tupu. Alinitoza elfu kumi. Nikampa hamsini, na ile chupa ya kwanza niliomba nibaki nayo. Tangu siku hiyo najaza kwenye vituo vyenye malori mengi, maana dereva wa lori hawezi kurudi mahali palipomuumiza, na filta ya dizeli naibadilisha kabla ya wakati wake. Safari ile niliponea chupuchupu, injekta zilibaki salama.

Turudi kwenye familia, maana ndiyo hoja yako. Umeandika "watu wanane wanakaa bila kubanana". Nani kakudanganya? Viti viko vinane, kweli: wawili mbele, watatu katikati, watatu nyuma. Lakini kile kiti cha nyuma ni cha watoto. Mtu mzima akikaa pale magoti yanamfika kifuani, na baada ya Chalinze anaanza kuuliza tumebakiza kilomita ngapi. Noah yako, ambayo unaidharau, ina nafasi ya miguu nyuma kuliko V8. Siandiki kwa kukuudhi, pima kwa futi.

Tena viti vile vya nyuma havizami sakafuni, unavikunja na kuvipandisha ubavuni, vinaning'inia kwenye madirisha. Vikiwa vimefunguliwa na watu wamekaa, nyuma yao panabaki nafasi ya begi mbili na ndoo. Mizigo ya watu wanane inakwenda wapi? Juu. Ukishaweka keria na mabegi juu, gari lililokuwa na uzito wa tani 2.6 likiwa tupu linaanza kuyumba kwenye kona kama mtu aliyebeba kabati kichwani. Wakati wa kurudi ndiyo balaa zaidi, mikungu ya ndizi mshare huwezi kuikataa mbele ya shangazi.

Na kuna urefu wa kupanda ambao hakuna aliyeutaja humu. Siku ya kwanza nimelileta nyumbani, mama yangu alilizunguka, akashika mpini wa mlango, akaweka mguu mmoja kwenye kikanyagio, akashindwa kuinua wa pili. Akarudi chini, akaniangalia. "Hivi hili walilitengenezea watu wa namna gani?" Tangu hapo kuna kigoda cha mninga nyuma ya kiti cha dereva. Tukifika popote, kabla ya kitu chochote, mtoto wa pili anashuka na kigoda. Kanisani wameshatuzoea. Wewe unaishi na mama mkwe, mkuu. Mpeleke kwa mtu mwenye V8 ajaribu kupanda kabla hujatuma hela Japani, maana mama mkwe huwezi kumsukuma kwa nyuma.

Alichokipenda mama ni mlango wa nyuma. Unafunguka vipande viwili, cha juu kinapanda, cha chini kinalala kama benchi. Tukisimama kula Korogwe anakaa pale na chai yake, hataki kuingia hotelini.

Kuendesha kwenyewe ni raha, nisiwe mnafiki. Barabara ya kwetu Mbezi wakati wa masika, ule udongo mwekundu kwenye mteremko, Noah ilikuwa inalala chini kwa jirani mpaka jua litoke. Hii naweka gia nzito, napanda taratibu, na mara nyingi naivuta gari ya mtu. Safari ndefu hauchoki. Tatizo ni kwamba spidi haisikiki. Unadhani uko 70 kumbe 105, na kwenye kibao cha 50 trafiki mwenye tochi ya kupimia spidi yuko chini ya mwarobaini. Faini zangu za elfu thelathini za Same na Mwanga ningezitunza ningenunua mbuzi wa Krismasi. Na uzito ule ukishika kasi hausimami kwa kuombwa. Ukitoka kwenye Noah, nafasi unayoacha mbele yako izidishe mara mbili.

Mjini ni upana. Karibu mita mbili bila vioo. Vichochoro vya Sinza utavijua upya, na kioo cha pembeni cha kushoto usikipende sana, ni cha bajaji. Kariakoo siendi nayo. Naegesha mbali, napanda daladala kama watu wengine.

Kubwa kuliko yote hapo ni boneti. Ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, mtoto wa miaka mitatu akisimama mbele ya gari humwoni. Sizungumzii kumwona vibaya, hayupo kabisa. Mimi niliwahi kuwasha gari asubuhi, nikaona baiskeli ndogo ya jirani imelala pembeni ya geti, nikajiuliza mwenye baiskeli yuko wapi. Nikashuka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya bampa anachezea mchanga. Sikuondoka kwa nusu saa, mikono ilikuwa inatetemeka. Kamera ya nyuma wote mnaisifia, sawa, weka. Ila kwetu sheria ni moja: gari haliwashwi mpaka watoto wote wahesabiwe wako wapi, wa kwangu na wa majirani.

Jambo la mwisho halina spea. Siku unaingiza V8 getini, umekuwa msafirishaji wa ukoo. Msiba, gari lako ndilo linalobeba wazee. Harusi, linapambwa. Mgonjwa usiku wa manane, simu inaanzia kwako, na mimi hiyo siikatai kamwe. Lakini kuna wanaokuja na bei zao pia: fundi anakupigia hesabu kwa kuangalia gari badala ya ubovu, michango kamati inakuandikia laki wakati mwenzako mwenye mshahara kama wako kaandikiwa elfu thelathini. Jina lake la mtaani, shangingi, lenyewe ni la kujionyesha. Hakuna atakayeamini kwamba huna hela, hata ukiwa umelipaki kwa sababu ya kukosa hela ya mafuta.

Kwa hiyo, mkuu, kama nyumbani kwako lami inafika getini na safari ndefu ni moja kwa mwaka, bakia na van. Alphard itawabeba wote saba vizuri zaidi, na mama mkwe atapanda kwa mguu wake. Kama unapita udongo kila siku au una shamba, na baada ya kulipa gari na kodi unabaki na angalau milioni kumi ambazo huzigusi kwa kitu kingine, chukua. Hiyo milioni kumi ni sehemu ya bei, usiihesabu kama akiba.

Ukiamua kununua ya hapa hapa badala ya kuagiza, nenda kuiona saa kumi na mbili asubuhi bila kutoa taarifa mapema, na gusa boneti kwa kiganja kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha kabla yako, na anajua kwa nini. Usiishie kwenye kilomita za dashibodi, zinarudishwa nyuma. Angalia raba ya pedali ya klachi au breki: gari la kilomita elfu 80 halina pedali iliyolika mpaka chuma. Yangu ilisoma 140,000 na raba ilikuwa imeisha upande mmoja. Nikaomba nipunguziwe, wakapunguza bila kubishana, hapo ndipo nilipojua.

Na wale wawili walionitumia ujumbe wakiuliza kama nauza: siuzi. Mama hajaniruhusu.